Kitabu cha Nyumba Nane

Tangu Jumatatu asubuhi Mwalimu Antipasi hakuweza kukaa mahali pamoja kwa muda wa kumaliza kikombe cha uji. Alikaa, akainuka. Alitoka uani, akaitazama barabara iendayo Ikungi, akarudi ndani, akaichukua tena barua iliyokuwa mezani na kuisoma mara ya sita, kana kwamba maneno yake yangebadilika kwa kusomwa.

Barua ilikuwa fupi. Ijumaa ya wiki hiyo afisa wa elimu ya watu wazima, Ndugu Gasto, angefika Mungaa kulikagua sanduku la vitabu la kijiji. Angewauliza wasomaji maswali mawili: wanasoma nini kwa sasa, na kwa nini kinawapendeza. Mwisho kabisa, chini ya mstari mwekundu, paliandikwa kwamba kijiji kitakachokutwa na kitabu kilichoharibiwa kitanyang'anywa sanduku, nalo litapelekwa Mitundu, ambako watu wamelisubiri mwaka mzima.

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, uwele umekwisha kupurwa, na upepo wa kiangazi ulikuwa unaivuruga mipaka ya viwanja vya kijiji kipya kila alasiri. Mwalimu Antipasi alikuwa amestaafu baada ya kufundisha miaka thelathini na mmoja katika shule ya misheni. Wanaume wengi wa Mungaa walijifunza kuhesabu mbele ya fimbo yake. Sanduku lilipoletwa, hakuna aliyeuliza ufunguo akabidhiwe nani. Aliufunga kwa ukanda wa ngozi, akauvaa shingoni, na hakuuvua hata alipooga.

Jambo lililomsumbua lilikuwa barua nyingine, aliyoiandika yeye mwenyewe mwezi wa sita. Humo alisema: "Vitabu vyote arobaini na viwili vimo, ni vizima, nami nimevikagua kwa macho yangu." Akatia sahihi yake ile ndefu yenye mkia. Aliamini alichokiandika. Lakini usiku wa kuamkia Jumatatu alikumbuka kwamba kitabu kimoja hakukikagua kwa macho yake, bali alikiona kimefungwa ndani ya gazeti, akaridhika.

Kitabu hicho kiliitwa *Abiria wa Behewa la Nne*. Kilikuwa hadithi ya upelelezi, na Mwalimu hakupenda hadithi. Alipenda watu wasome juu ya samadi, juu ya kuchemsha maji ya kunywa, juu ya kazi za halmashauri ya kijiji. Kitabu kile alikiona kama pipi iliyowekwa kati ya dawa. Kwa hiyo kila baada ya majuma mawili Lea, binti aliyefundisha darasa la kisomo, alipokileta kimefungwa vizuri katika gazeti na kuomba kukiazima upya, Mwalimu aliandika tarehe, akamrudishia bila kukifungua. Ilikuwa hivyo kwa miezi mitano.

Jumanne alimwita Lea nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na kile kitabu?"

Lea alikiweka mezani. Mwalimu alilifungua gazeti. Ndani mlikuwa na jalada lenye picha ya gari moshi, na ndani ya jalada mlikuwa na kijitabu chembamba kiitwacho *Tumia Samadi*.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Lea, abiria yuko wapi?"

"Amegawanywa, Mwalimu."

"Amegawanywa na nani?"

"Na Mzee Simeoni."

Hakungoja maelezo zaidi. Alichukua kofia yake na fimbo ya kutembelea, akaenda kwa Simeoni kwa mwendo uliowafanya watoto waliomwona wasimame kando ya njia wenyewe.

Simeoni alikuwa mzee wa rika lake, mchungaji tangu utoto, na ndiye aliyeitwa kila ng'ombe alipoanguka kijijini ili aigawe nyama. Katika miaka yote hiyo hakuna jirani aliyewahi kulalamika kwamba fungu lake lilikuwa dogo. Mwalimu alimkuta kwenye kivuli cha tembe lake la udongo akinoa kisu.

"Simeoni, umekikata kitabu cha umma."

"Nimekigawa," alisema Simeoni. "Kukata ni kitu kingine. Kaa, usisimame kama karani wa kodi."

"Sikai."

"Basi sikiliza ukiwa umesimama. Walioandikisha majina walikuwa watu thelathini na wanane, kitabu kimoja. Kila mtu majuma mawili. Lea alipiga hesabu ubaoni, tukaona mtu wa mwisho angekipata mwaka wa sabini na saba, baada ya mavuno. Nikasema, ng'ombe mmoja akianguka, je, tunampa mtu mmoja amle peke yake majuma mawili huku wengine wanatazama? Nikakichunguza mgongoni. Kimeshonwa mafungu manane, kila fungu limekunjwa peke yake, kama vile aliyekitengeneza alijua kitagawanywa. Nimekata uzi tu. Karatasi hata moja haijachanika. Nyumba nane, mafungu manane, na kila Jumamosi fungu linahama."

"Kitabu si ng'ombe."

"Ndiyo maana baada ya kuliwa bado kipo," alisema Simeoni, akarudi kwenye kisu chake.

Mwalimu alisema kwamba kabla ya Alhamisi jioni mafungu yote manane yawe mkononi mwake, atayashona mwenyewe. Simeoni aliingia ndani, akatoka na fungu la tatu likiwa limezungushiwa kitambaa safi.

"Na wewe unakipendea nini?" aliuliza Mwalimu, kwa ukali wa mtu anayejaribu swali litakaloulizwa na mkubwa.

"Gari moshi linapita Saranda," alisema Simeoni. "Nimeswaga ng'ombe pale kabla hujajua kunyoa ndevu. Sikujua kama mahali nilipokanyaga mimi panaweza kuandikwa kitabuni. Nilipoliona jina nililisoma mara tatu."

Ndipo ilipoanza safari ya nyumba kwa nyumba, na haikuwa rahisi kama alivyodhani. Kwa Kristina, mjane aliyekuwa anachambua mbegu za alizeti, alilikuta fungu la tano limewekwa juu ya chungu, na mwenyewe anachambua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika ukurasa.

"Shikamoo, Mwalimu. Ngoja kidogo, nimebakiza kurasa mbili."

"Marahaba. Sina muda wa kungoja."

"Basi chukua ungo, zitaisha mapema."

Akajikuta amekaa kwenye kigoda, anachambua alizeti. Tangu alipooa hakuwahi kushika ungo. Kristina alisoma akisogeza midomo, na alipomaliza alishusha pumzi.

"Unakipendea nini?" aliuliza Mwalimu.

"Huyu binti wa karani wa tiketi. Baba mkwe anamwambia anyamaze, naye anajibu. Anajibu kwa adabu, lakini anajibu." Alimkabidhi fungu. "Mimi nilimpata akiwa tayari ameolewa. Harusi iko fungu la pili, na fungu la pili sijalipata. Usiniambie anaolewa na nani."

"Sijui anaolewa na nani. Sijakisoma."

Kristina alimtazama kwa huruma ya wazi, jambo ambalo Mwalimu hakulizoea.

Zefania, fundi wa mizinga ya nyuki, alikuwa ameanza na fungu la saba na kwenda kinyumenyume. Alijua begi lilikutwa wapi lakini hakujua ni begi la nani. Alikuwa amewekeana ahadi na shemeji yake: atakayekosea kumtaja mwenye hatia atatoa jogoo. Akaeleza pia kwamba wasomaji walikuwa wamejitungia sheria. Mtu akiropoka jambo ambalo mwenzake hajalifikia, anamchotea maji juma zima. Zefania mwenyewe alikuwa amechota mara mbili.

"Mimi, mwanamume mzima, na ndoo kichwani," alisema. "Wanawake wa kisimani walinipigia vigelegele."

"Hiyo ni haki yako," alisema Mwalimu, na alishangaa kusikia sauti yake ina kicheko ndani.

Kufikia Jumatano jioni alikuwa na mafungu sita. La saba alilipata Alhamisi asubuhi. Aliketi mezani na sindano ya gunia na uzi uliopakwa nta, ayapange. Ili awe na hakika kwamba fungu linafuata fungu, ilimpasa asome mstari wa mwisho wa hili na mstari wa kwanza wa lile. Mstari wa mwisho wa fungu la kwanza ulisema kwamba gari moshi lilipofika Manyoni mlango wa behewa la nne ulikuwa umefungwa kwa ndani, na abiria hayumo. Mwalimu aliweka sindano chini. Mlango uliofungwa kwa ndani. Akasoma ukurasa uliofuata ili kuhakikisha. Kisha uliofuata huo.

Alipoinua kichwa jua lilikuwa limehama upande wa pili wa nyumba, uji wake umeganda, na alikuwa amefika ukurasa wa mia na kumi na mbili, ambapo binti wa karani anaivuka reli kuelekea kwenye kibanda cha mlinzi, mwanga unaonekana chini ya mlango, na mtu ndani anakohoa. Baada ya hapo hapakuwa na karatasi.

Alitembea hadi kwa Lea akiwa hana kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Fungu la nane liko kwa nani?"

Lea alitazama miguu yake.

"Nimeuliza, Lea."

"Liko nyumbani kwako, Mwalimu. Liko kwa Mama Samweli."

Mama Samweli ni Anastazia, mke aliyeishi naye miaka arobaini na miwili. Zamani, katika mwaka wa pili wa ndoa yao, Mwalimu alijaribu kumfundisha kusoma. Alimfundisha kwa majuma matatu kama alivyowafundisha wavulana wa misheni, na katika juma la tatu alimwambia kwamba kichwa chake ni kigumu kama jiwe la Singida. Anastazia alikifunika kile kibao cha kuandikia kwa kanga, akaenda kuteka maji, na habari ya kusoma haikutajwa tena katika nyumba ile. Miaka miwili iliyopita alianza kuaga kila Jumanne na Alhamisi kwamba anakwenda kuwasaidia wenzake kuchambua mbegu. Mwalimu hakuwahi kuuliza mbegu gani zinachambuliwa mwaka mzima.

Alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe, kidole chake kinakwenda polepole chini ya mstari.

"Kumbe unajua kusoma," alisema.

"Najua."

"Hukuniambia."

"Ungenisahihisha."

Mwalimu alisimama, akabadilisha fimbo mkono.

"Mama Samweli, kesho afisa anakuja. Kitabu lazima kiwe kizima. Nipe hizo kurasa, nikusomee sasa hivi. Ni kumi na sita tu, hazifiki nusu saa."

"Hapana."

"Nitakusomea polepole."

"Ukinisomea utakuwa umesoma wewe, Baba Samweli. Mimi nitakuwa nimesikia. Kusikia nimesikia tangu nizaliwe." Aligeuza ukurasa kwa uangalifu, kama mtu anayegeuza mkate wa mwisho. "Nimefika mia na kumi na tisa."

"Jina langu liko kwenye barua ya serikali."

"Na langu liko kwenye zamu. Nimengoja majuma saba."

Alizunguka uani mara mbili, akarudi.

"Niambie jambo moja tu. Anayekohoa kibandani ni nani?"

Anastazia hakuinua macho, lakini mashavu yake yalicheza.

"Unataka nikachotee watu maji?"

Ijumaa asubuhi Anastazia alitoka kwenda kisimani mapema. Mwalimu, aliyekuwa hajalala vizuri, aliona fungu la nane ndani ya kapu la mbegu, limefunikwa na kanga. Kitabu kilichoshonwa mafungu saba kilikuwa mezani, sindano ikining'inia na uzi wake. Kazi ya dakika kumi. Afisa angekuta kitabu kizima, barua ya mwezi wa sita ingekuwa kweli, sanduku lingebaki, na hakuna mtu ambaye angesema kwamba Mwalimu Antipasi alitia sahihi chini ya jambo asiloliona. Anastazia angenyamaza, kama alivyonyamaza miaka arobaini.

Alilitoa fungu kapuni. Pembeni mwa ukurasa wa mia na ishirini na mbili palikuwa na alama ndogo ya mkaa, nukta moja tu, iliyowekwa kwa mkono uliokuwa unajifunza bado kutoharibu. Jana alikuwa mia na kumi na tisa. Kurasa tatu kwa jioni nzima. Mwalimu aliitazama nukta ile kwa muda mrefu. Alilirudisha fungu kapuni bila kusoma hata mstari mmoja, akalifunika na kanga vilevile lilivyokuwa, akavaa kofia yake, akachukua kitabu kisicho na mwisho na kwenda kwenye ofisi ya kijiji.

Ndugu Gasto alikuwa mtu mpole mwenye suti ya safari iliyofubaa magotini. Alimwamkia Mwalimu kwa kuinama, akafungua fomu zake, na wasomaji wakaitwa mmoja mmoja mbele ya watu wote. Mambo yalikwenda vibaya tangu mwanzo. Kristina, aliyeulizwa anasoma nini, alijibu kwa sauti ya kukariri kwamba anasoma *Tumia Samadi*. Kwa nini kinampendeza? Kwa sababu samadi ni nzuri. Zefania naye alisema samadi. Mtu wa tatu alisema samadi. Simeoni alipofika mbele alisema kwamba yeye ana ng'ombe kumi na mmoja na samadi haijawahi kumhitaji asome, lakini anaisoma kwa heshima ya Mwalimu.

Afisa aliandika, kalamu ikizidi kuwa nzito.

"Kijiji kizima kinasoma kijitabu kimoja cha kurasa ishirini?"

Hapo Mwalimu Antipasi alisimama. Walimwongopea afisa kwa ajili yake. Aliliona hilo, na lilimchoma kuliko kama wangemshitaki.

"Ndugu afisa," alisema, "futa ulichoandika. Hawa watu wanasoma hiki." Akakiweka kitabu mezani. "Kiligawanywa mafungu manane ili wote wakisome kwa wakati mmoja. Nimekishona mwenyewe jana. Fungu la nane halimo. Na mwezi wa sita niliandika kwamba nimekikagua kwa macho yangu, nami sikukikagua. Nilikiona ni kitabu cha kipuuzi, nikadharau kukifungua. Kosa la kugawa ni la wengi. Kosa la kutia sahihi ni langu peke yangu."

Nje upepo ulikuwa unalipiga bati la paa.

Ndugu Gasto alikifungua kitabu, akautazama mshono, akafunua hadi ukurasa wa mwisho uliokuwapo.

"Fungu la nane liko wapi, mzee?"

"Linasomwa."

"Na nani?"

"Na mke wangu. Zamu yake haijaisha."

Kuna aliyecheka nyuma, akakohoa kuficha. Afisa alikaa akiigonga kalamu mezani.

"Kanuni inanitaka niliondoe sanduku, au nimwondoe aliyelitunza vibaya. Vyote viwili viko mikononi mwangu."

"Basi usiliondoe sanduku," alisema Mwalimu.

Aliinua mikono shingoni. Ule ukanda wa ngozi ulikuwa umekaza kwa jasho la miaka, ikambidi ainamishe kichwa ili utoke. Akauweka ufunguo mezani, na pale ukanda ulipokuwa shingoni pakaonekana alama nyeupe.

Watu walipoulizwa nani aushike, walimtaja Lea.

"Lea alinidanganya kwa miezi mitano," alisema Mwalimu, kwa sababu ilikuwa kweli na ilipaswa kusemwa.

"Basi huyo anajua mahali pa kuangalia," alisema afisa, akaandika jina. Kisha, akiwa anakunja fomu, akauliza: "Na wewe, mzee? Sikukuuliza. Unasoma nini kwa sasa?"

"Hicho hicho," alisema Mwalimu Antipasi. "Nimekosa kurasa kumi na sita."

Safari hii waliocheka hawakukohoa.

Alasiri alirudi nyumbani na shingo nyepesi, asijue afanye nayo nini. Anastazia alikuwa kwenye ngozi yake nyuma ya nyumba, kidole kikitembea. Habari zilikuwa zimemfikia. Zilimfikia kabla ya mumewe kuvuka uwanja. Alisogea kidogo, akamwachia nafasi kivulini.

Mwalimu alikaa. Akainuka. Akakaa tena.

"Umefika ngapi?"

"Mia na ishirini na sita."

"Umebakiza mbili."

"Hesabu najua pia," alisema Anastazia. Kidole kilisimama. "Ufunguo umeuvua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Alimtazama shingoni, pale palipokuwa na alama, halafu akarudi kwenye mstari wake. Mwalimu alivumilia kwa muda wa kuhesabu hadi mia.

"Yule anayekohoa," alisema, "ni abiria, au siye?"

"Baada yangu fungu linakwenda kwa Kristina. Baada ya Kristina ni Zefania, ana jogoo wake. Ukitaka kujua, nenda kwa Lea ukaandikishe jina."

Akavaa kofia, akaenda. Lea alikuwa ameketi kando ya sanduku, na aliposimama kumwamkia ufunguo ulimgonga kifuani. Alifungua daftari. Afisa alikuwa amewaongezea safu mpya kwa rula, upande wa kulia: *Kwa nini kinakupendeza.*

Mwalimu aliandika jina lake lote kwa mwandiko wa misheni, herufi zikiegemea upande mmoja kama mtama kwenye upepo. Alikuwa wa thelathini na tisa. Alipofika kwenye safu mpya aliishikilia kalamu hewani muda mrefu, kiasi kwamba Lea alifikiri wino umekwisha. Mwishowe akaandika: *Sijui kinavyoisha.*

Akakausha wino kwa pumzi, akarudisha kalamu, akashika njia ya nyumbani. Alitembea polepole, kwa makusudi, asije akafika kabla mkewe hajamaliza.